Nyuki Wasionunuliwa

Wafugaji wengi wa nyuki katika Kaunti ya Machakos hawajawahi kununua nyuki hata mmoja. Mtu huandaa mzinga, akausugua nta kwa ndani, akautundika penye kivuli karibu na maji na maua, kisha akasubiri. Mvua zikianguka na miti ikichanua, makundi ya nyuki yaliyo safarini huanza kutafuta makao. Wakiupenda mzinga huingia, wakiuchoka huondoka. Wengi wamezoea kuuona ufugaji wa namna hii kuwa una kasoro: nyuki ni wakali, hawatulii mahali pamoja, na mfugaji hana mamlaka juu yao. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Tabia hizo mbili zinazolalamikiwa zaidi, ukali na kuhama, ni sehemu kubwa ya afya ya nyuki wa Ukambani, na anayetaka kuwafuga inampasa kuanza kwa kuziheshimu.

Mwandishi alikulia Mwala, mashariki ya mji wa Machakos, katika boma la babu yake. Tangu hapa ataitwa mjukuu, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa kila alipotumwa kwenda kutazama mizinga. Mizinga yenyewe ilikuwa magogo yaliyotobolewa katikati na kuzibwa ncha zote mbili kwa vifuniko vya mbao, kifuniko kimoja kikiwa na matundu ya kupitia nyuki. Kila mmoja ulikuwa na alama ya ukoo iliyochomwa kwa chuma cha moto. Wakamba waliweka alama za namna hiyo kwenye mishale na mifugo pia, na mwanaanthropolojia wa Uswidi, Gerhard Lindblom, alizieleza katika kitabu chake kuhusu Wakamba mwanzoni mwa karne ya 20. Mzinga wenye alama ungeweza kuning'inia porini, mbali na macho ya mwenyewe, na mpita njia asiuguse, maana kuiba asali ya mtu kulihesabiwa kosa zito. Asali ilienda kwenye mahari, kwenye pombe ya wazee na kwenye kijiko cha mtoto mwenye kikohozi.

Babu alirina usiku. Alipanda mtini na mwenge wa nyasi kavu na mfuko wa ngozi, akashusha masega yaliyozibwa kwa nta nyeupe, na yale yenye majana, yaani watoto wa nyuki, akayaacha mahali pake. Hakueleza kwa nini. Alisema tu kwamba mtu hali mbegu.

Kilichomuudhi mjukuu ni kiangazi. Kufikia Septemba, mizinga mingi ilikuwa kimya.

"Babu, wameondoka tena."

"Wameenda kula, mjukuu wangu. Wewe chakula kikiisha hapa, hutaenda kwa shangazi yako?"

Jibu hilo lilimtosha babu kwa maisha yake yote. Mjukuu lilimchukua miaka mingi, mafunzo ya ufugaji na usomaji mwingi kulielewa, na kadiri alivyoelewa ndivyo alivyozidi kustaajabu jinsi lilivyokuwa sahihi.

Nyuki wa nyanda za Ukambani ni wa jamii ambayo wanasayansi huiita Apis mellifera scutellata, nyuki wa savana ya Afrika. Ni ndugu wa karibu wa nyuki wa asali wa Ulaya, ila maisha yamewafunza tofauti. Adui mkubwa wa nyuki wa Ulaya ni majira ya baridi. Yanakuja kila mwaka, kwa wakati unaojulikana, na kila mahali pa jirani huwa ni baridi vilevile. Hakuna pa kukimbilia, kwa hiyo nyuki hao huweka akiba kubwa ya asali na kujibana ndani mpaka maua yarudi. Machakos hakuna theluji. Kuna mvua za Machi hadi Mei na mvua za Oktoba hadi Desemba, na katikati yake kuna ukame ambao huenda ukawa mkali huku na mwepesi kule. Mvua inaweza kukosekana Masinga ikanyesha Kathiani. Nyuki mwenye mabawa, katika nchi ya namna hiyo, ana faida akiifuata mvua kuliko akikaa kuilinda akiba.

Nao hawaondoki kwa papara. Chakula kikipungua, malkia hupunguza kutaga. Watenda kazi huwalea majana waliobaki mpaka watoke kwenye vijumba vyao, na wakati huohuo hula asali iliyohifadhiwa. Siku ya safari inapofika, masega hayana kitu. Mtafiti Mmarekani Stanley Schneider aliwachunguza nyuki wa jamii hii huko Botswana na kuona kwamba kabla ya kuhama hucheza ngoma ambayo si ya kawaida. Ngoma ya kawaida ya nyuki ilifumbuliwa na Karl von Frisch wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1973 pamoja na wenzake wawili: nyuki aliyepata maua hukimbia gizani juu ya sega huku akitikisa tumbo, pembe ya mkimbio ikionyesha upande ukilinganisha na jua, na muda wa mkimbio ukionyesha umbali, kadiri ya sekunde moja kwa kilomita. Katika ngoma ya kuhama mikimbio ni mirefu mno, ya umbali ambao hakuna nyuki angeusafiri kutafuta maua. Haitaji mti wala shimo lolote. Inataja upande wa kuelekea.

Mjukuu alijifunza kuusoma mzinga mtupu. Ule ambao wenyewe wamehama kwa hiari huwa na masega makavu, mepesi, bila asali na bila majana, na sakafu yake ni safi. Uliovamiwa na siafu hueleza hadithi nyingine kabisa: mabawa yaliyotapakaa, vijumba vilivyotobolewa, chavua iliyomwagika. Uliovunjwa na nyegere huwa umepasuliwa kifuniko au umelala chini ya mti, na alama za kucha ziko pande zote. Anayekuta mzinga mtupu akapiga kelele kwamba nyuki wake wamekufa mara nyingi hajatazama. Tofauti ya kuhama na kufa ni kubwa, na kila mfugaji anapaswa kuijua kabla ya kukimbilia dawa.

Ukali ni jambo gumu zaidi kulitetea, na makala haya hayatajaribu kulifanya jepesi. Nyuki hawa huua. Mjukuu aliwahi kumwona mbuzi wa jirani aliyefungwa kamba karibu na mti wenye mzinga uliotikiswa na watoto. Mnyama aliyefungwa hana pa kwenda, na ndiyo maana hadi leo hafungi mnyama yeyote mahali nyuki wanapopita. Lakini ukali huo una namna yake ya kufanya kazi, na ukiijua unaweza kuishi nao. Nyuki mtenda kazi ana mwiba wenye vijino. Akimchoma mtu au mnyama mwenye ngozi ngumu, mwiba hubaki umenasa pamoja na mfuko wa sumu, na mfuko huo huendelea kusukuma sumu hata baada ya nyuki mwenyewe kuanguka. Hapohapo hutoka harufu ya kuwaita wengine. Mtu akiinusa ngozi iliyochomwa ataitambua mara moja: ni harufu ya ndizi iliyoiva, kwa sababu kemikali kuu ya mwito huo ndiyo pia iliyomo katika harufu ya ndizi. Kwa hiyo mwiba hukwanguliwa upesi kwa ukucha, mahali palipochomwa hupulizwa moshi, na mtu huondoka hatua kadhaa kabla ya kuendelea. Moshi huifunika harufu ya hatari, na pia huwafanya nyuki wajaze matumbo asali kana kwamba moto unakuja. Nyuki aliyeshiba hana hamu kubwa ya vita.

Katika nchi yenye nyegere, siafu na binadamu wenye mienge, kundi lisilojitetea halifiki mwaka wa pili. Walio wapole waliliwa zamani.

Ushahidi wa nguvu ya nyuki hawa umeonekana upande wa pili wa Atlantiki. Mwaka wa 1956 mtaalamu wa jenetiki wa Brazili, Warwick Kerr, aliwachukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika akitaka kupata nyuki wanaolifaa joto la nchi yake. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro. Wazao wao, waliochanganyika na nyuki wa Ulaya, walienea Amerika ya Kusini na ya Kati, na mwaka wa 1990 wakafika Texas. Magazeti ya Marekani yaliwaita wauaji. Wafugaji wa Brazili nao walijifunza kidogokidogo kufanya kazi nao, wakaweka mizinga mbali na nyumba, wakavaa mavazi mazito, na leo Brazili inauza asali nyingi nje ya nchi kutokana na nyuki haohao.

Sababu moja ya nguvu yao ni ugonjwa, au tuseme uhaba wa ugonjwa. Hapa ndipo kisa cha Machakos kinapokuwa cha dunia nzima.

Kuna utitiri uitwao Varroa destructor, uliotoka kwa nyuki wa Asia. Huingia katika kijumba cha mtoto wa nyuki muda mfupi kabla hakijazibwa, ukazaliana humo ndani ukimnyonya, na kumwachia virusi, kile kibaya zaidi kikimfanya azaliwe na mabawa yaliyokunjamana. Ulaya na Marekani, kundi lisilotibiwa mara nyingi hufa katika miaka michache. Afrika Kusini uligunduliwa mwaka wa 1997. Mwaka wa 2009 ukatambuliwa Kenya, na wengi walitarajia maafa.

Mwaka wa 2010 watafiti wakiongozwa na Elliud Muli, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, walizunguka katika maeneo 24 ya Kenya wakifungua mizinga. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2014, yanastahili kujulikana na kila mwenye mzinga. Varroa ulikuwa umeenea karibu nchi nzima, isipokuwa kaskazini ya mbali. Kati ya virusi saba vya nyuki vinavyojulikana sana Marekani na Ulaya, vitatu vilipatikana. Mabaki ya dawa za kilimo yalikuwa machache na ya kiwango cha chini. Na pamoja na hayo yote, idadi ya virusi vilivyopatikana haikuhusiana na ukubwa wa kundi. Nyuki walikuwa na utitiri, na walikuwa wanaendelea na kazi.

Mjukuu aliuona utitiri huo kwa mara ya kwanza nyumbani kwa mama yake. Mama naye alikuwa mfugaji, jambo ambalo zamani halikuwezekana, kwa kuwa mizinga ya magogo ilikuwa juu mtini na kazi ya kupanda ilikuwa ya wanaume. Mlango ulifunguliwa na mzinga wa vipao vya juu, uliosambazwa hasa kupitia mradi ulioanza mwaka wa 1971 kati ya Kenya na Kanada, wataalamu wakitoka Chuo Kikuu cha Guelph. Ni sanduku lenye kuta za mshazari, na juu yake hupangwa vipao vya mbao vyenye upana wa milimita 32, kipimo kinacholingana na nafasi ambayo nyuki wa hapa huachia sega moja. Kila sega hujengwa kwenye kipao chake na huinuliwa peke yake. Mzinga hutundikwa kwa waya kwenye kimo cha kiuno, siafu wasiufikie kwa urahisi. Mama aliweza kuufungua akiwa amesimama chini, akachukua masega mawili matatu ya asali pembeni na kuufunga tena, majana wakiwa salama katikati.

Siku hiyo alikuja kijana mmoja afisa wa ufugaji akiwa na chupa ya plastiki ambayo kifuniko chake kilikuwa wavu. Alihakikisha kwanza kwamba malkia hayupo kwenye sega alilolishika, kisha akakung'utia nyuki nusu kikombe ndani ya chupa, yaani kama 300 hivi. Akawamwagia sukari ya unga, akaizungusha chupa taratibu, akaiweka kivulini kwa muda, halafu akaipindua na kuitikisa juu ya sahani nyeupe. Sukari ikaanguka kama vumbi. Aliponyunyizia maji kidogo, sukari ikayeyuka na vidoa vyekundu vya rangi ya kahawia vikaanza kutembea. Vilikuwa bapa, upana umezidi urefu, kila kimoja kikikaribia milimita moja na nusu. Nyuki waliorudishwa mzingani walikuwa weupe kabisa. Ndugu zao waliwapokea na kuwalamba mpaka wakarudi rangi yao.

"Mama, usitie dawa," kijana alisema.

"Na hawa wadudu, mwanangu?"

"Nyuki wako wanawajua. Wewe wape maji na chakula."

Ushauri huo ulikuwa na msingi. Ulaya, dawa zilizotiwa mizingani miaka nenda miaka rudi zilizaa utitiri sugu, zikabaki ndani ya nta, na zikawahifadhi nyuki ambao peke yao wasingeweza kujitetea. Lakini nyuki wa hapa hujiteteaje? Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, Nairobi, waliwalinganisha nyuki wa savana wa Kenya na nyuki wa asili ya Ulaya walioko Florida. Mwaka wa 2017 walieleza kwamba nyuki wa Florida walibeba utitiri karibu mara tatu zaidi. Ajabu ni kwamba kasi ya kujisafisha na ya kuwatoa majana waliokufa ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Usafi pekee, basi, hautoshi kuwa jibu.

Mjukuu anaamini sehemu ya jibu ni lile la babu. Utitiri wa Varroa hauwezi kuzaliana bila majana waliozibwa. Kundi linalosita kulea kabla ya kuhama, likaacha masega yote nyuma na kuanza upya penginepo, huunyima utitiri kitanda cha kuzalia kwa wiki kadhaa. Kundi linalogawanyika mara kwa mara hufanya vilevile. Zaidi ya hapo, malkia wa hapa hachaguliwi na mtu. Hupanda angani akajamiiana na madume wengi wa makundi mbalimbali, mengi yao yakiwa ya mwituni, na dhaifu huondolewa na nchi yenyewe. Machakos hakuna anayekata uzao huo kwa kuagiza malkia wapole kutoka ng'ambo, na ni heri iendelee hivyo.

Hii haina maana kwamba nyuki hawa hawana la kuogopa. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na Ukambani haukusalimika. Nyuki walihama, na safari hii walikawia kurudi, kwa sababu hata huko walikoelekea hapakuwa na maua. Kuhama ni kinga pale tu ambapo kuna pa kuhamia. Mgunga uliogeuzwa makaa hautoi chavua. Ukipanda vilima vya Iveti utaona mashamba yenye matuta yaliyojaa michungwa, miparachichi na migrevilea, na Machakos inajulikana kwa kuirudishia ardhi miti baada ya mmomonyoko wa miaka ya 1930. Huko chini, Yatta na Masinga, tanuri za makaa zinafanya kazi kila msimu mvua inapokosekana, kwa sababu mwenye njaa huuza alicho nacho.

Dawa za shambani ni hofu ya pili, na mjukuu anaiona kuwa kubwa kuliko utitiri. Uchunguzi wa mwaka wa 2010 ulikuta mabaki machache, lakini kilimo hakikusimama mwaka huo. Nyanya, mishiri na maembe hunyunyiziwa zaidi kuliko zamani, tena asubuhi, saa ambayo nyuki wako kwenye maua. Nyuki aliyepulizwa akiwa kazini mara nyingi hafiki nyumbani, na mwenye mzinga huona tu idadi ikipungua mlangoni. Yule anayefika na chavua yenye sumu huwalisha watoto. Kundi haliwezi kuikwepa hatari hiyo kwa ngoma wala kwa mwiba.

Kwa hiyo kazi ya mjukuu siku hizi ni ndogo ndani ya mzinga na kubwa nje yake. Kiangazi huweka karai la maji lenye mawe madogo, nyuki wapate pa kutua wasizame, kwa maana maji ndiyo wanayotumia kupoza majana, ambao huhitaji joto la nyuzi 34 hadi 35 wakati wote. Harini masega yote. Amepanda migunga kwenye mpaka wa shamba na mbaazi katikati, kwa sababu mbaazi huchanua wakati maua mengine yamekwisha. Na huenda kwa majirani. Kuna mzee wa miembe aliyekubali kunyunyizia jioni baada ya nyuki kurudi, na mama wa nyanya anayepiga simu siku moja kabla ili matundu ya mizinga yazibwe kwa wavu mpaka dawa ikauke. Jirani wa upande wa mto hajakubali. Anasema jioni vibarua wake wamekwisha kwenda nyumbani, na hoja hiyo ni ya kweli, kwa hiyo mjukuu amejitolea kuibeba pampu yeye mwenyewe msimu huu wa maua.